Jiwe la Bi Watfa

Ras Sindiyan, milima ya Ajlun
3 Desemba 1974

Kwa mjukuu wangu Rudeina, huko Kairo,

Salamu. Sisi wazima, mbuzi wazima, mvua imechelewa. Basi, salamu zimekwisha. Sasa nisikilize.

Nani kaandika kwenye kile kitabu chenu, hiyo Hazina ya Kila Nyumba, kwamba zeituni za Bi Watfa zinatiwa chumvi gramu 19 kwa lita ya maji? Nataka jina lake na jina la mama aliyemzaa.

Nilikwambia kwa mdomo wangu, tumekaa jikoni, wewe umeshika kalamu: nusu wakia kwa chupa ya lita. Nusu wakia! Kilipokuja kitabu mwezi wa nne, kina picha, kina jina langu, mwalimu wa shule akawasomea wanawake. Mwezi wa kumi wakapima gramu zenu. Saba walifuata kitabu. Mitungi saba, Rudeina. Jana wameifungua, na mpaka leo kisimani kunanuka. Zeituni zimelainika kama jicho la samaki, juu zimeota ukungu.

Fidda, mke wa shemeji yangu, unamjua ulimi wake, alikuja na mtungi wake akauweka mlangoni kwangu. Akasema, "Shika mali yako, Bi Watfa. Kitabu kimesema ni zako." Wanawake wanne nyuma yake wakajifuta pua na shungi ili wasionekane wanacheka.

Mwezi wa tatu anamwoza mjukuu wake. Tangu niolewe hapa hakuna harusi iliyoliwa bila zeituni za mkono wangu. Hakuna. Sasa Fidda anasema atanunua za kopo, mjini Irbid. Za kopo!

Nijibu upesi. Naandika mwenyewe, sitaki mwalimu ajue aibu yangu, kwa hiyo usinisahihishe herufi.

Mimi bibi yako,
Watfa


Kairo
17 Desemba 1974

Bibi yangu mpenzi,

Nabusu mkono wako. Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa.

Kosa ni la ofisini. Tuna sheria kwamba kila kipimo kiandikwe kwa gramu, kilo, lita na mita, kwa sababu kitabu kinasomwa kuanzia Maskati mpaka Marakeshi, na ratili ya mji mmoja si ratili ya mji mwingine. Ni sheria njema, bibi, naipigania kila siku. Wapo hapa wanaoandika "kikombe", "konzi", "mwendo wa nusu siku", na mimi ndiye ninayewarudishia karatasi mpaka wamenipa jina la Bibi Mizani. Ila safari hii wakati wa kugeuza hesabu mtu alitumia wakia ya Misri, ambayo ni gramu 37 tu. Nusu yake ndiyo hiyo 19.

Nimetazama jedwali. Wakia ya huko kwetu Jordani ni gramu 250. Kwa hiyo nusu wakia ni gramu 125. Chapa ya pili inafungwa mwisho wa Februari, na nitahakikisha inaandikwa 125. Waambie akina Bi Fidda wapime hivyo na watanyamaza.

Wako,
Rudeina


Ras Sindiyan
5 Januari 1975

Rudeina,

Wamenyamaza, ndiyo. Mdomo uliojaa chumvi hausemi.

Niliwaita wote kwangu, kwa kiburi, nikapika na chai. Nilitaka wakuone wewe msomi wa familia. Nikaazima mizani ya dukani, nikapima hizo 125 zako mbele yao, nikakoroga kwenye lita ya maji, nikatia yai. Wewe unalijua yai langu. Linatakiwa lielee na kuonyesha upara wa ukubwa wa sarafu ya girshi, si zaidi. Hili la kwako lilitoka majini mpaka mabegani kama mtu anayetaka kutoka birika la hamamu! Fidda akachovya kidole, akaonja, akatema uani. Akasema, "Lo! Huko kwenu Ajlun mjini, Bi Watfa, kwenye hiyo nyumba kubwa ya mama yako, ndivyo wanavyokula? Au wanahifadhi maiti?"

Nilimjibu. Sitakuandikia nilivyomjibu.

Walipoondoka nilitia chumvi yangu kwa kipimo changu, kama siku zote. Yai likakaa, girshi ikaonekana. Kwa hiyo mkono wangu uko sawa, na kitabu chenu kimekosea mara ya kwanza, na wewe umekosea mara ya pili. Wakia ni wakia. Wakia ilikuwako kabla gramu haijazaliwa, na mliiua kwa kalamu.

Na jambo lingine. Unasema kosa ni la "ofisini", na "mtu" alitumia wakia ya Misri. Ofisi haina mkono wa kushika kalamu. Na ukiwa mtoto, ukivunja bakuli, ulikuwa unasema "bakuli limevunjika". Mimi ni mzee, si mjinga.

Watfa


Kairo
20 Januari 1975

Bibi,

Bakuli nimelivunja mimi.

Nilikuwa hapa mezani, Ramadhani, nimefunga, nina karatasi mia mbili za kugeuza vipimo. Niliposoma "nusu wakia" mkono wangu uliandika 19 wenyewe. Miaka minane naishi Kairo. Nikienda kununua kahawa hapa, wakia ni kiasi cha kujaza kiganja. Sikukumbuka kwamba kwetu wakia ni mfuko mzima. Mimi, Bibi Mizani, ninayewagombeza wenzangu kwa "konzi" na "kikombe", nimeozesha mitungi saba kwa sababu sikuuliza wakia ya nani. Nimeona aibu kukwambia. Nisamehe.

Sasa nikwambie yote. Mhariri mkuu, Ustadh Mamduh, amepata barua za malalamiko, na si za kwenu tu. Nilipompelekea 125, kisha nikarudi kumwambia kwamba hiyo nayo si sahihi, alivua miwani akasema: "Tufute ukurasa wote. Na jina la huyo bibi tulifute. Kitabu cha rejea hakiwezi kubahatisha." Amenipa mpaka tarehe 28 Februari. Ama nimpelekee namba moja ninayoweza kuiapia, ama ukurasa utoke, na watu watabaki wanajua kwamba zeituni za Bi Watfa zinaoza.

Bibi, hukuwahi kuniambia unapimia nini. Nakumbuka tu fundo la kitambaa cheusi, juu ya rafu ya unga, ambalo sisi watoto tulikatazwa kuligusa. Ni jiwe, sivyo? Naomba ulipeleke kwa Naji mfamasia. Mizani yake ya dawa haikosei hata punje. Akuambie lina gramu ngapi. Hilo tu.

Mjukuu wako,
Rudeina


Ras Sindiyan
29 Januari 1975

Rudeina,

Kwamba ulikuwa wewe, nilijua tangu barua ya kwanza. Nimekusamehe. Umesema, imekwisha.

Jiwe silipeleki popote. Ni jiwe la mama yangu, si mgonjwa wa kupelekwa kwa mfamasia. Futeni ukurasa. Futeni jina. Niliishi miaka mingi bila kuwa kitabuni.

Watfa


Kairo
7 Februari 1975

Bibi yangu,

Nimekusoma mara tatu, na mara zote tatu nimesikia mtu anayefunga mlango, si mtu aliyekasirika. Sijui nyuma ya mlango kuna nini, na sikuulizi.

Ila nakunakilia barua iliyotufikia kutoka pwani ya Maghribi, nchi ya Marakeshi, kwa mwanamke anayeitwa Tamu binti Allal. Ameandika hivi: "Mimi ni mjane. Nina miti mitatu ya zeituni. Nilifuata ukurasa wenu kwa sababu uliandikwa kwa jina la mwanamke, nikasema mwanamke hawezi kunidanganya. Mavuno yangu yote nimewapa punda, na punda naye amekataa. Mwambieni huyo Bi Watfa anieleze nimemkosea nini."

Ningemwambia "nusu wakia", bibi, angetumia wakia ya kwao, na ingemharibikia tena. Kule ina uzito wake, hapa Kairo wake, Ajlun wake. Jina ni moja, kila mji una mzigo wake. Gramu haina kwao. Ndiyo maana naipenda, ingawa wewe unaiona haina damu. Ni kitu pekee ninachoweza kumpelekea yule mjane kutoka mkononi mwako kikafika bila kubadilika njiani.

Siwezi kumjibu bila wewe. Zimebaki siku ishirini na moja.

Rudeina


Ras Sindiyan
16 Februari 1975

Rudeina,

Kaa chini. Hii ndefu, na mkono wangu unauma.

Yule mjane kaniharibia usingizi. "Nimemkosea nini." Siku tatu nikawa namjibu jikoni peke yangu kama mwenda wazimu. Siku ya nne nikachukua fundo, nikavaa joho la kutokea, nikashuka kwa Naji. Na nani anapanda njia wakati mimi nashuka? Fidda. Akaona fundo, akageuza njia. "Nakusindikiza, Bi Watfa, lisije likakuelemea." Mwanamke yule ananusa siri kama mbuzi anavyonusa chumvi.

Naji akalifungua jiwe, akalipangusa, akaliweka kwenye mizani ya shaba. Akaongeza vichuma, akapunguza, akaongeza. Nilikuwa nimeshikilia meza.

"Mia mbili na kumi na nne," akasema. "Bi Watfa, hii ni wakia, lakini jiwe hili si la huku."

"Si la huku vipi? Limekaa kwangu miaka zaidi ya hamsini!"

"Hata mgeni hukaa miaka hamsini," akasema. "Wakia ya huku ni mia mbili na hamsini. Hii ni ya Sham, Damaski. Marehemu babu yangu alikuwa na mawe kama haya, akinunua sabuni huko. Waliyachonga hivi hivi, na tundu pembeni."

Fidda akasogea. "Sasa hilo jiwe si ulisema la mama yako? Na mama yako si wa Ajlun?"

Rudeina, hata baba yako sikumwambia. Hata marehemu babu yako alikufa hajui. Sasa nakuandikia.

Mama yangu si wa Ajlun. Aliitwa Nazik, wa mtaa wa Midani, Sham. Baba yake alikuwa kibarua wa reli, mwaka reli iliposhuka kusini. Akafa huko njiani kwa homa, na binti yake akabaki kwenye stesheni, ana fundo la nguo na jiwe hili la kupimia chumvi. Baba yangu alimkuta pale, akamwoa bila mahari, bila mtu wa kumtoa. Kijijini kwetu watoto walinifuata wakiimba: "Mama kashushwa na garimoshi, gunia halina mwenyewe." Kila siku ya Mungu. Mama alisikia, akaendelea kupima chumvi yake. Alikufa nina miaka kumi na moja. Siku ya mwisho alinitia jiwe mkononi akasema, "Hili halijawahi kunidanganya."

Nilipoolewa huku, ambako hakuna aliyenijua, waliniuliza mama yako wa wapi. Nikasema wa Ajlun, nyumba kubwa. Neno moja. Nimelilisha miaka hiyo yote kama mtu anavyofuga mbwa mkali. Na jiwe nikalifunga, nikaliweka juu, nikawakataza msiliguse. Nilimkana mama yangu huku napima kwa mkono wake.

Basi nilisimama pale dukani, nikaona hakuna pa kukimbilia, kwenye mizani namba imekaa. Nikasema, "Mama yangu ni Nazik wa Midani. Alishuka kwenye garimoshi, hana ndugu, hana mahari. Haya, Fidda, cheka. Umesubiri sana."

Hakucheka. Akalitazama jiwe, akasema, "Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?"

"Miaka thelathini nakuibia chumvi kwa macho, Bi Watfa! Nikikusikia umesema nusu wakia, narudi nyumbani natia nusu wakia, zangu zinatoka chungu. Nikasema huyu mwanamke ananificha kitu, ana dua anayoisoma. Kumbe wakia yako ndogo!" Kisha akanipiga kibao cha bega, akasema, "Mungu amrehemu mama yako. Ila wewe ni mwongo mkubwa."

Nikamwambia, "Na wewe mwizi." Naji akaenda kutazama dawa zake.

Nusu yake ni gramu 107. Nilirudi nikazipima kwa mizani ya dukani, kwa lita moja ya maji. Yai lilitoa girshi. Nimejaribu mara tano, na mayai matano. Naji naye kaandika barua ya namba yake na kupiga muhuri, nimeitia humu. Apia.

Na sikiliza. Jina langu litoe pale juu. Andika la mama. Andika Nazik, andika wa Midani. Mjibu na yule mjane, umwambie hajanikosea kitu, kosa lilikuwa la kwetu.

Watfa


Kairo
27 Februari 1975

Bibi,

Nimempelekea Ustadh Mamduh barua ya Naji yenye muhuri na namba yako ya mayai matano. Alisoma, akauliza, "Na huyu Nazik ni nani?" Nikamwambia ni mama wa bibi yangu. Akasema kitabu cha rejea hakina kawaida ya kutaja mama za watu. Nikamwambia kitabu hiki kimeozesha mitungi ya watu kwa sababu hakikuuliza wakia ilitoka wapi, na jina hili ndilo linalosema ilitoka wapi. Akavaa miwani, akatia sahihi. Hivi ndivyo litakavyochapwa:

"ZEITUNI ZA CHUMVI, njia ya Nazik wa Midani, Damaski, kama ilivyohifadhiwa na binti yake Watfa, Ras Sindiyan. Chumvi 107 g kwa kila lita 1 ya maji. Yai bichi lielee na kuonyesha sehemu yenye upana wa mm 20. Sahihisho: chapa ya kwanza ilisema 19 g. Lilikuwa kosa la mhariri, Rudeina Dhiyab, aliyegeuza wakia bila kuuliza ni ya mji gani."

Jina langu nimelitia mwenyewe. Wewe umesema la kwako mbele ya Bi Fidda, na mimi nimesema la kwangu mbele ya wasomaji wote.

Binti Allal nimemjibu jana.

Rudeina


Ras Sindiyan
2 Aprili 1975

Rudeina,

Harusi imekwisha. Bwana harusi mfupi, bibi harusi mzuri, Mungu atasawazisha.

Zile za kopo hazikuja. Fidda alileta bakuli lake, zeituni nyeusi za mwisho wa msimu, alizotia gramu 107 siku ile ile tuliyotoka kwa Naji. Mimi nikaleta langu. Yakakaa sinia moja. Kwanza mwalimu akasoma maneno ya kitabu ulivyoyanakili, yote, na "Nazik wa Midani" akaisoma kwa sauti ya hotuba. Niliwatazama mmoja mmoja nione nani atainamisha kichwa na kunong'ona. Mwanamke mmoja tu alifungua mdomo, akauliza girshi ina milimita ngapi. Basi. Kumbe yule mbwa niliyemfuga alikuwa ananibwekea mimi peke yangu.

Kisha nikala. Nikala nyingi, nikamwambia Fidda, "Onja zangu, uone tofauti." Akasema, "Bi Watfa, hilo ni bakuli langu."

Ulimi wangu haukujua zipi ni zangu. Nikasema moyoni, haya, mkono wako umekwisha kazi, sasa kila mtu anao. Nikakasirika mpaka wali ukapoa. Halafu nikawaona wanawake wanapitishiana bakuli, na Fidda anawaeleza, "Hii ni ya Midani, hii," kama vile yeye ndiye aliyezaliwa huko. Mama alishuka pale stesheni hana mtu. Nikapokea bakuli nikala tena.

Milimita ishirini za nini? Girshi tunaijua. Lakini acha, yule mjane wa Maghribi hana girshi yetu.

Jiwe nimelitoa kwenye fundo. Liko dirishani, watoto wanaligusa wanavyotaka. Naji ananiagizia mizani kutoka Amman. Usiniulize kwa nini, na usimwambie mtu.

Mimi,
Watfa binti Nazik